Alama Mbili Kwenye Vumbi Jekundu

Jumapili, tarehe 3

Bwana Kiti wangu,

Mama yako hajambo. Anakula, analala, ananisema. Mimi pia sijambo. Chumba cha kushonea kimejaa kitambaa cha mapazia ya zahanati, kijani mpaka mlangoni, na jua la mchana likipita ndani yake utadhani tumehamia chini ya maji. Nashona nusu niko macho, nusu niko usingizini. Cherehani inajiendea yenyewe, mimi naisindikiza tu.

Sasa nikuambie jambo, na usinicheke. Tangu wakunyang'anye simu huko, nyumba imekuwa kubwa. Uliponiambia kwamba waamuzi wote wanaweka simu kabatini mpaka mashindano yaishe, na kwamba barua zinaruhusiwa kwa sababu ni za polepole mno kuweza kuharibu mchezo, nilicheka. Siku hizi sicheki. Nalala bila kujua siku yako imekuwaje.

Basi msusi wa hapa chini akanionyesha soko. Si soko la nyanya. Liko kwenye simu, na kinachouzwa humo ni majibu. Wanauliza: je, fulani atashinda? Unanunua vipande vya "ndiyo" au vya "hapana", na bei inapanda na kushuka kadiri watu wanavyoamini, mpaka mpira wa mwisho. Mtu wako akishinda, kila kipande kinakuwa mia kamili. Akishindwa, umenunua hewa. Bei yenyewe wanaichora kwa mstari, nao unatembea kwenye kioo kama uzi unaovutwa.

Nimenunua vipande kidogo vya yule kijana mrefu wanayemwita Korongo, kwamba atachukua kombe. Sikumchagua kwa ufundi wake, maana mimi na tenisi wapi na wapi? Nimemchagua kwa sababu mechi zake nyingi unazisimamia wewe. Na nimegundua kitu. Kuna wakati mstari unasimama. Soko zima kimya, hakuna anayenunua wala anayeuza. Msusi akaniambia kwamba hapo mwamuzi ameshuka kitini kwenda kutazama alama ya mpira. Mwamuzi! Mume wangu! Watu wa nchi sijui ngapi wameshika pumzi, wanakusubiri wewe uinamie vumbi. Niliacha kushona. Nilikuona kabisa, mikono nyuma, umekunja uso kama unaponitafutia sindano iliyoanguka. Halafu mstari ukaanza tena kutembea, nikajua umepanda.

Sasa kila siku nausubiri usimame. Mama anauliza kwa nini natazama simu kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Nimemwambia namtazama mwanawe.

Wako wa cherehani,
Sindano


Jumatano, tarehe 6

Sindano mpenzi,

Barua yako imenikuta nimekaa kitandani nakung'uta viatu. Vumbi la viwanja vya hapa ni jekundu na laini kama unga, linaingia kwenye soksi, kwenye sabuni, nadhani hata kwenye ndoto. Mwenzangu wa chumbani anatangaza matokeo usingizini, na juzi alimpa onyo kali mtu ambaye hatukumjua.

Hujawahi kuniuliza juu ya kiti, na mimi sijawahi kukueleza. Ukishakaa juu pale, watu wanakuwa wadogo na mpira unakuwa mkubwa. Alasiri inarefuka. Unabaki na sauti mbili tu, mpira kwenye nyuzi na mpira kwenye udongo, mpaka unasahau kama una miguu. Kisha mchezaji anainua mkono, na unashuka ngazi kwenda kutazama. Mpira ukidunda huacha alama kama ya kidole gumba kwenye unga. Ikigusa mstari hata kwa unywele, mpira ulikuwa ndani. Isipogusa, ulikuwa nje. Kazi yangu yote ni hiyo, na naipenda kupita kiasi.

Nina habari. Wamenipa fainali! Jumapili hii, Korongo na yule wanayemwita Kobe, anayerudisha kila mpira unaomjia. Miaka yote nimesimamia nusu fainali, nikishuka nampisha mwingine. Leo nilipotoka ofisini niliuzunguka uwanja peke yangu nikitabasamu kama mwenda wazimu, na mfagiaji akaniuliza kama nimeoa tena.

Jambo moja, mke wangu. Viuze vipande vya Korongo. Viuze kabla ya Jumapili. Usiniulize sababu kwenye barua, nitakueleza nikirudi. Ila hilo la kuniona mstari ukisimama, hakuna aliyewahi kuniambia neno zuri kama hilo, na nimelisoma mara nyingi.

Msalimie Mama.

Bwana Kiti


Jumamosi, tarehe 9

Mjanja wewe!

Barua imefika asubuhi na nimeshauza. Sababu sijauliza, kwa kuwa umesema nisiulize. Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu bado hazijanyonyoka. Wewe unakaa karibu nao. Unaona nani anachechemea na nani anajishika bega akidhani hatazamwi. Mume wangu hasemi ovyo, na akisema "uza" kuna kitu amekiona.

Na kama Korongo hafai, anayefaa ni nani? Si wamebaki wawili? Basi nimemnunua Kobe. Nimeweka ile pesa ya Korongo yote, na juu yake malipo ya mapazia ya zahanati, maana vipande vya Kobe vilikuwa chee, watu wote wanamkimbilia yule mrefu. Nilisita kidogo. Kisha nikakumbuka ni wewe uliyesema, nikabonyeza.

Fainali! Mama amelia nilipomwambia, na machozi ameyafutia pazia la watu. Kesho sishoni. Nitakaa dirishani na simu, na mstari ukisimama nitasimama nao.

Sindano


Jumapili, tarehe 10, jioni

Sindano,

Imekwisha. Kobe amechukua kombe. Kama barua yangu haikukufikia mapema, basi leo umepoteza pesa, na aliyekupotezea ni mimi.

Sikukupa sababu, nakupa sasa. Kila mwaka tunatia sahihi ahadi kwamba mwamuzi na wote wa nyumbani kwake hawatagusa masoko ya matokeo. Ukijua mtu wako amegusa, unakwenda ofisini, unasema, unakaa pembeni. Mimi nilijua tangu Jumatano, na sikwenda. Ningekwenda, fainali wangempa mwingine. Na wewe sikukuambia kwa sababu uliandika kwa furaha, na sikutaka kuiita furaha yako kosa. Nikajiambia utauza, mimi nitasimamia haki, na yatapita.

Sikiliza yaliyotokea. Mechi ilikwenda kama usingizi mzuri, seti baada ya seti, jua likigeuka machungwa, hata mimi nikawa siko popote. Kobe akabakiza pointi moja. Korongo akapiga mpira mrefu ukaangukia karibu na mstari wa nyuma, upande wa kivuli. Mwamuzi wa mstari akapaza sauti: nje! Korongo akainua mkono, nami nikashuka.

Alama zilikuwa mbili, zimekaribiana kama macho ya mtu. Moja ilikuwa imegusa mstari, nyingine ilikuwa nje kwa upana wa kidole. Siku zote najua ipi ni ipi, kwa sababu naufuata mpira tangu hewani. Leo, mpira ulipokuwa hewani, nilikuwa nawaza kama barua imekufikia. Nilikuwa nakufikiria umeacha kushona. Nikaona kwamba nikisema ndani, nitakuwa nimekusemea wewe na vipande vyako. Nikaonyesha ile ya nje. Korongo aliitazama, akanitazama mimi, akanipa mkono.

Nilitaka sana kunyooka, nikapinda upande wa pili. Pesa yako unisamehe. Yule kijana sijui nimwombeje.

Tunabaki hapa kwa mashindano ya vijana, na simu bado zimefungiwa. Naona aibu, na nimechoka.

Bwana Kiti


Jumatatu, tarehe 11

Tumeshinda!

Nimeanza na hilo maana siwezi kuanza na lingine. Mstari ulikuwa unaruka kama panzi, Korongo juu, Kobe juu, na mimi nimeng'ata kona ya mto. Halafu mwishoni kabisa ukasimama. Nikasema moyoni, shuka polepole mume wangu, usijikwae. Hata Mama aliacha kukohoa. Ukasimama muda mrefu kuliko siku zote. Kisha Kobe akawa mia.

Asante kwa kunidokeza. Alikuwa na maumivu gani yule Korongo? Msusi anataka kujua nalalia mto wa aina gani hata nikaota Kobe atashinda.

Nimekwenda kununua kitambaa, cha dirisha letu safari hii. Mganga hajigangi, miaka yote nashonea watu mapazia na sisi tumetundika shuka. Kina rangi ya alfajiri. Nimeshakikata.

Sindano


Jumatano, tarehe 13

Mke wangu,

Barua yako ya Jumamosi imefika leo. Nimeisoma nimesimama, kisha nimekwenda kukaa kwenye ngazi ya kiti, uwanja ukiwa mtupu, nikaisoma tena.

Nilikuambia uuze. Sikukuambia ununue.

Hebu tazama inavyoonekana kwa mtu wa nje. Mwamuzi anamwandikia mkewe. Mkewe anamnunua Kobe. Mwamuzi anapewa alama mbili, anachagua ya Kobe. Ningekuwa nimekaa ofisini, mimi mwenyewe nisingetuamini.

Pesa hiyo usiiguse.


Jumamosi, tarehe 16

Bwana,

Barua zako mbili zimefika pamoja, ya Jumapili na ya Jumatano. Pesa nimeshaigusa. Pazia limeshapata pindo.

Nimekasirika na sitaki kujifanya sijakasirika. Ulinipa nusu ya maneno, nusu nyingine nikaijaza mwenyewe, tena kwa kukusifu! Ungeandika neno moja, marufuku, ningeuza, ningenuna siku moja, yangeisha. Mimi ni mkeo. Si mtoto wa kufichiwa dawa ndani ya asali. Ulinyamaza ukasema ni kwa ajili ya furaha yangu, kumbe ulikuwa unailinda fainali yako.

Haya, na mimi nilikuwa mjinga. Nilitaka kuwa karibu nawe, nikaingia sokoni kama mtu anayeingia chumba cha mwenzake bila hodi. Halafu tamaa ikanishika mkono, nayo ikanizoea haraka. Hilo ni langu.

Naogopa. Wakikunyang'anya kiti sijui nitakuwa naishi na nani. Nimeolewa na wewe, lakini tangu siku ya kwanza umekuja na kile kiti mgongoni.

Usianze na ofisi. Anza na yule kijana. Kama kuna aliyeibiwa, ni yeye. Mwambie usoni, na umwambie yote.

Mama anasema ule.

Mkeo


Jumanne, tarehe 19

Sindano,

Nimekwenda. Bado yuko hapa kwa mazoezi, na nilimkuta nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, miguu kwenye ndoo ya maji baridi, anakula ndizi. Nikamwambia yote bila kuruka kitu, ahadi, barua, wewe, Kobe, alama mbili. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilitaka kutukanwa.

Akacheka, si kwa dharau. Akasema, "Mzee wangu, ule mpira ulikuwa nje. Nilijua tangu unatoka kwenye raketi. Ile alama ya ndani ni ya mpira wangu wa pointi iliyotangulia."

Nikamuuliza, "Sasa ulinishusha kwa nini?"

"Sikutaka iishe," akasema. "Nilijua ukishuka nitapata dakika moja zaidi ya kuwa kwenye fainali. Nisamehe kwa usumbufu."

Akaendelea na ndizi yake. Mimi nikabaki nimesimama na barua ya kujishtaki ofisini mfukoni, niliyoiandika usiku uliotangulia. Nimekuwa sahihi, Sindano, na sijui nifanye nini na usahihi huo. Nimetembea hadi miguu imebadilika rangi.

Bwana Kiti


Ijumaa, tarehe 22

Mume wangu mpenzi,

Nimeisoma ile barua kwa sauti, Mama akapiga kigelegele kwenye kiti chake cha magurudumu hadi majirani wakachungulia. Basi! Mpira ulikuwa nje, ukasema nje. Aliyeshindwa ameshindwa kwa haki, na mwenyewe amekiri. Kuna aliyeibiwa? Hayupo. Funika kombe mwanaharamu apite.

Pesa hii nitaitoa yote kwa wenye shida, hata ya pazia nitaifidia kwa kushona. Soko sitaligusa tena, naapa. Na wewe chana hiyo barua. Uliteleza, lakini hukuanguka, na hakuna aliyeona ila mimi na kijana anayekula ndizi.

Najua nilikusema sana juu ya nusu ya maneno. Safari hii naomba unipe kimya chote, na nitakaa nacho. Sikuombi kwa ajili ya pesa. Nimekuona unavyoandika juu ya kile kiti. Rudi nacho.

Sindano wako


Jumatatu, tarehe 25

Mke wangu,

Nimeipeleka.

Nilikaa na maneno yako kwanza, usidhani niliyatupa. Kila ulichosema ni kweli. Hakuna aliyeibiwa. Lakini ilibidi kijana mwenye miguu ndani ya ndoo anieleze mpira uliangukia wapi, wakati aliyepandishwa juu ili aone ni mimi. Kama angeniambia ulikuwa ndani, ningemwamini vilevile.

Nilipoinama pale sikuwa natazama alama. Nilikuwa nakutazama wewe. Nilibahatisha, nikapata. Mtu anayebahatisha akapata, kesho anabahatisha tena kwa moyo mweupe, na mimi sitaki kuwa mtu huyo juu ya kiti ninachokipenda.

Ofisini walikuwa watatu, wapole. Walinisomea ahadi yangu polepole kama wanamsomea mtu asiyejua kusoma. Wakaniuliza kama nina la kuongeza, nikasema wewe hukujua kuwa ni marufuku, na hilo liandikwe. Wameandika. Sitapanda tena kiti, hapa wala kwingine. Pesa wamesema iende kwenye mfuko wa wachezaji vijana.

Simu wamenirudishia. Nimeishika tangu asubuhi na nimeshindwa kukupigia, sauti ingenikatika njiani. Nilipita uwanjani wakati wanafagia. Nilidhani nitaumia kiasi fulani, nikaumia zaidi. Wanaburuta wavu mzito juu ya udongo, na alama zote za siku hiyo zinafutika, na udongo unabaki kama haujawahi kuguswa.

Nitafika Jumamosi. Sijui utampokea nani.

Mumeo


Jumatano, tarehe 27

Mume wangu,

Nakuandikia ili barua ikukute kabla hujapanda gari, maana na mimi sauti yangu si ya kuaminika leo.

Kwanza nimelia. Kisha nimekasirika, nikashona kwa hasira hadi Mama akasema nitaitoboa meza. Akaniuliza, "Mwanangu amefukuzwa kwa wizi?" Nikamwambia hapana, amefukuzwa kwa kusema. Akafikiri kidogo, akasema basi apikiwe. Kwa hiyo unapikiwa.

Pesa nimepeleka asubuhi. Ya pazia nimemalizia kwa kumuuzia msusi pazia lenyewe, limetundikwa saluni, linapendeza kuliko lingependeza kwetu. Soko nimelifuta kwenye simu. Kidole hakikutaka. Humo ndani kulikuwa na mahali ambapo wewe ulikuwa unashuka ngazi na dunia inakusubiri, na nimepafuta kwa mkono wangu.

Nimeisoma barua yako ya Jumatatu hadi nimeielewa. Nilikuomba kimya, ukanikatalia, na nimegundua sikuchukii. Nakuogopa kidogo, kama nilivyokuogopa tulipochumbiana.

Umeuliza nitampokea nani. Sijui, na nataka kumjua. Nina ombi moja kwake. Sijawahi kuona mechi ya tenisi hata moja kwa macho yangu, nimeona mstari tu. Nipeleke. Tulipe mlangoni kama watu wengine, tukae viti vya chini, juani, tuguse mabega. Mpira ukianguka karibu na mstari, mimi nitasema ndani, wewe utasema nje, tubishane mpaka wa mbele wageuke. Na hakuna atakayetusikiliza.

Mkeo